Naomba ushauri: udongo wa gereji ya zamani, oili imepungua ila mizizi haikui

Wakuu, habari za kazi. Nina kiwanja Morogoro ambacho zamani kilikuwa gereji. Oili chafu ilimwagwa chini miaka na miaka, udongo mweusi tii, ukiumwagia maji yanateleza juu bila kuzama. Nataka kulima mboga, kwa hiyo nawalisha bakteria waliomo humo humo: samadi ya kuku iliyooza na pumba za mpunga, naugeuza upate hewa, nanyunyizia maji. Wazo ni lile la Alaska baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta mwaka 1989, walipoweka mbolea ufukweni ili bakteria wa pale pale wayale.

Sasa harufu imekwisha na maji yanazama. Lakini mchicha nikiuotesha humo, sambamba na mwingine kwenye udongo safi, unachipua vizuri kisha mizizi inabaki mifupi, ncha za kahawia. Minyoo ya ardhini nayo, nikiiweka kwenye ndoo ya udongo huo, inapanda ukingo kutoroka (hiyo kwangu ni ripoti ya maabara tosha!).

Je, haya ni mabaki ya oili iliyovunjwa nusunusu, au ni metali za risasi na zinki, ambazo bakteria hata wafanyeje hawawezi kuzimaliza? Au samadi yenyewe ina chumvi nyingi? Fedha ya maabara ni ya kuungaunga, nianze na kipimo kipi? Na aliyewahi kupanda alizeti kwanza kwenye udongo wa hivi ili ivute metali hizo, aliipeleka wapi baada ya kuvuna?