Ufadhili kamili Ujerumani: niende na akiba kiasi gani?

Kutoka: Mdogo wenu, Morogoro

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni mgeni humu, dada mmoja aliyeko Stuttgart ndiye aliyeniunganisha. Jumatano nimepokea barua ya DAAD, lile shirika la Ujerumani linalofadhili masomo. Nimepata! Masta ya uhandisi wa maji, Stuttgart, miaka miwili kuanzia Oktoba, ila Juni natakiwa niwe Marburg kwanza kwa miezi minne ya Kijerumani. Huu ni mwaka wangu wa nne mamlaka ya maji, na mwajiri amekubali kunipa ruhusa ya masomo, bila mshahara.

Barua inasema nauli, bima, na posho ya euro 992 kwa mwezi. Nyumbani wameshazidisha. Mjomba alichukua simu, akaangalia kiwango cha benki, akatamka "milioni mbili na laki nane" mbele ya watu kumi na mbili, na tangu hapo mimi sisikilizwi tena. Jumapili kuna kikao cha sherehe ya kuniaga. Mama mdogo ameshanigusia ada ya binti yake.

Sasa naomba kuuliza. Kwa kuwa ufadhili ni kamili, niende na hela yangu kiasi gani? Nina akiba ya milioni tatu ambayo nilitaka kuimalizia kwenye paa la nyumba ya mama. Na nguo za baridi ninunue huku au huko?

Mdogo wenu


Kutoka: Dada wa Stuttgart

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Paa lisubiri.

Nianze na hiyo 992, maana ndiyo iliyomlewesha mjomba. Mwanafunzi anayejilipia mwenyewe, ubalozi unamtaka aonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, awe anachota kidogo kila mwezi. Gawa kwa kumi na mbili. Umeona? Ni namba ileile. Serikali ilikaa ikapiga hesabu ya mtu mmoja apate pa kulala, ale, apande treni, na posho yako imekaa hapohapo kwenye hesabu hiyo. Ya mjomba haikuwekwa.

Mimi chumba nalipa 410, kodi tupu 350 na sitini ya maji na kupasha joto. Chakula mia mbili na ishirini nikipika mwenyewe, na ninapika mwenyewe. Toa usafiri, simu, mchango wa chuo wa kila muhula, nguo. Inabaki mia mbili na kitu, mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Bima wanakulipia, hapo mshukuru Mungu.

Lakini mwezi wa kawaida utauweza. Wiki za kwanza ndizo zinazoumiza, na wewe utazipitia mara mbili kwa sababu unahama. Marburg wengi hukuta wameshatafutiwa chumba na wenye kozi, kwa hiyo utajiona umefika. Usibweteke. Chumba cha Stuttgart anza kukitafuta wiki hiyohiyo unayotua. Jiandikishe foleni ya mabweni ya wanafunzi leo, kabla hujaenda kwenye kikao cha sherehe, maana foleni ni ndefu na vyumba vya mitaani Stuttgart ni ghali.

Ukipata chumba utadaiwa amana, wenyewe wanaita Kaution. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kuchukua hadi kodi tupu ya miezi mitatu. Ambacho mimi sikuambiwa na mtu ni kwamba sheria hiyohiyo inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, la kwanza unapoanza kupanga. Mimi nilitoa 1,050 kwa mkupuo, nikabaki na sarafu. Na mtu akikwambia yuko London kikazi, umtumie amana naye atakutumia funguo kwa posta, huyo hana nyumba. Anayesema chumba anacho ila hawezi kukusainia karatasi ya kujiandikisha, mwache pia. Ukihamia una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya mji, ndiyo Anmeldung utakayoisikia mpaka uiote, na bila karatasi ya mwenye nyumba hawakuandikishi. Bila kuandikishwa, kibali cha kukaa kinakwama.

Halafu sanduku la barua. Naomba hapa unisome polepole.

Huku barua haifuati namba ya chumba, inafuata jina. Nilifungua akaunti benki ya mtandaoni, haina hata dirisha la kwenda kulilia. Kadi inakuja kwa posta, na namba ya siri inakuja kwenye bahasha nyingine siku nyingine. Nikasubiri wiki. Mbili. Posho ilikuwa imeingia, naiona kwenye simu, siwezi kuigusa. Nilikula wali na maharage ya kopo ya dada mmoja Mghana wa chumba cha pili, siku kumi na tisa, na yeye ndiye aliyeniuliza siku hiyo tukiwa tunashuka ngazi: "Jina lako liko wapi?" Masanduku yote kumi na nne yalikuwa na majina. Langu lilikuwa bado na jina la kijana wa Kituruki aliyehama. Postamani alikuwa akifika, akitafuta jina langu, halipo, anarudisha barua ilikotoka. Sikuwa na karatasi ya kunata, nikakata plasta ya kidonda, nikaandika kwa kalamu ya wino, nikabandika. Wiki hiyohiyo zikaingia barua tatu.

Kwa hiyo milioni tatu yako, ambayo ni kama euro elfu moja na kidogo, njoo nayo yote. Kwa maoni yangu hata 1,500 si nyingi. Na miezi mitatu ya kwanza usitume nyumbani hata senti. Mwambie mama mwenyewe, kabla hujapanda ndege, si kwa simu ukiwa Marburg.

Koti ukitaka chukua la mtumba pale Memorial, Moshi, kama una safari za huko. Linarudi kwao tu. Viatu usinunue huko. Unavaa namba ngapi?


Kutoka: Ami wa Leipzig

Salaam aleikum jamii. Mwanangu wa Morogoro, pongezi. Sisi wa Mombasa tunasema umepata, lakini bado hujatia mfukoni.

Dada amesema kweli yote isipokuwa moja. Kumwambia mtoto asitume chochote miezi mitatu, hilo mimi sikubaliani nalo. Nilijaribu. Mwezi wa pili nikapigiwa simu kumi na sita siku moja, na mwisho nikatuma mia mbili kwa hasira, ambazo nilikuwa nimepanga kununulia koti. Afadhali panga hamsini, tarehe moja kila mwezi, kwa mama peke yake, na mtu mwingine asijue tarehe. Anayeomba mwambie nimeshatuma. Utakuwa husemi uongo.

Nyongeza zangu ni fupi. Usitue Jumamosi usiku, Jumapili maduka yamefungwa isipokuwa ya vituo vikubwa vya treni, utakula hewa. Chupa za maji usitupe, nyingi zina senti 25 ya kurudishiwa. Kazi ya pembeni usiiguse kabla hujasoma masharti ya mfadhili na kumwuliza. Sheria ya nchi inampa mwanafunzi siku 140 kamili kwa mwaka, lakini mfadhili ana kauli yake.

Na ile barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, ni ya kweli. Mimi nilidhani ni tangazo, nikawa naziweka juu ya friji. Sina televisheni, nalipia nini? Miezi minane baadaye nilikuwa nadaiwa 146.88, na faini juu yake. Ile ada ni ya nyumba, awe nayo televisheni asiwe nayo. Mkiishi wanne nyumba moja analipa mmoja, mnachangiana. Kwa hiyo siku unayoingia uliza: hapa nani analipa?

Sasa nami nina ombi. Nina mpwa Kilifi, mtaalamu wa misitu, amekataliwa mara mbili. Barua yake ya kujieleza nimeisoma, ni nzuri, hata machozi yalinitoka. Wewe uliandikaje?


Kutoka: Mdogo wenu, Morogoro

Ami, shikamoo. Umesema machozi, na mimi nimecheka peke yangu ofisini.

Mara ya kwanza na mimi nilikataliwa, na ile barua ilikuwa tamu kuliko hii iliyonipatia. Ilianza na ndoo. Nina miaka tisa, ndoo kichwani, mtoni mbali, jua linachomoza. Nilimpelekea mwalimu wangu wa chuo aisome. Akaisoma yote, akaniuliza, "Kwani wenzako darasani hawakubeba ndoo?"

Mara ya pili nikaanza na mita. Kuna mtaa mmoja hapa kwetu ambao maji yanayoingia tunayapima kwa mita kuu, na yanayouzwa tunayajua kwa bili. Havilingani hata kidogo. Huku tunayaita maji yanayopotea, na kila mtu ana mtu wake wa kumlaumu: wezi, wasoma mita, mita mbovu. Nikaomba gari, tukaenda usiku wa saa nane, mimi, dereva na mlinzi. Nimepiga magoti kwenye shimo la mita, tochi mdomoni, daftari juu ya goti. Saa hiyo hakuna anayefua, hakuna anayepika, wanaojaza matangi usiku tuliwajua na tuliwatoa kwenye hesabu. Ule mshale ulikuwa unazunguka kama Jumamosi asubuhi. Wezi hawaibi saa nane za usiku kila siku kwa kiwango kilekile. Yale yalikuwa yanakwenda ardhini.

Hilo ndilo nililoandika. Kisha nikaandika nilichokiweza: tuligawa mtaa vipande vinne, tukafunga valvu moja moja na kurudi kusoma, mpaka tukajua ni upande gani. Kisha nisichokiweza: kujenga modeli ya mtandao wa mabomba kwenye kompyuta, nijue presha ya maji inashukia wapi bila kuchimba barabara nzima. Nikataja somo la kozi linalofundisha hicho. Nikamaliza na mtaa gani nitaanza nao nikirudi, maana hizi nafasi za kozi za maendeleo wanataka waone unarudi kufanya nini. Ukurasa mmoja na nusu. Neno "ndoto" nililifuta mara mbili.

Kwa hiyo mpwa wako, Ami, nisingemwuliza anapendaje misitu. Ningemwuliza: mti gani, shamba gani, umeshindwa wapi?

Mengine ni ya makaratasi. Wanataka walau miaka miwili ya kazi, na shahada kwa kawaida isiwe imepita miaka sita. Maombi yanakwenda chuoni moja kwa moja, na kila kozi ina tarehe yake ya mwisho, asidhani ni moja kwa zote. Wasifu wa kazi unasainiwa kwa mkono.


Kutoka: Dada wa Stuttgart

Ongeza barua ya mwajiri: karatasi yenye nembo, saini, muhuri, na tarehe ya karibuni. Nilimwona mtu amerudishwa kwa kukosa muhuri. Sisi ambao kwetu hata risiti ya mchele ina muhuri!

Ami, hamsini sikatai. Ila aanze mwezi wa nne.


Kutoka: Mdogo wenu, Morogoro

Asanteni sana. Foleni ya mabweni nimejiandikisha jana usiku, wamesema nisubiri.

Kikao kilikuwa leo. Nilikwenda na karatasi moja, nimeandika kwa shilingi kodi, chakula, usafiri, amana, na chini kabisa kinachobaki. Nikaizungusha kama kadi ya mchango. Mama aliisoma mara mbili akaikunja akaiweka kwenye kanga. Mama mdogo hakusema kitu. Sherehe wameipunguza, itakuwa pilau tu ya nyumbani, na mchango uliokwishakusanywa wamekubali uende kwenye amana.

Mjomba alikaa na ile karatasi muda mrefu, miwani puani. Mwisho akasema amenielewa vizuri sana, na kwamba yeye ataridhika na ile ya mwezi wa kwanza tu.

Dada, navaa namba 40.