Nakala 350 za Obama: mpiga picha alistahili mgawo?

Wadau, tulibishana kijiweni hatukumaliza. Mchoraji wa mtaani anachukua picha ya mtu maarufu iliyopigwa na mwingine, anaibadilisha rangi, anachapa nakala chache, anatia namba na sahihi, anauza. Mpiga picha haambulii kitu. Sawa hiyo?

Mimi nasema si sawa. Chukueni bango la Obama la 2008. Mchoraji wa mtaani wa Marekani, Shepard Fairey, alichapa nakala 350 za kuuza, dola 45 kila moja, na 350 nyingine akazibandika mitaani. Ile sura ilitoka kwenye picha ya Mannie Garcia, aliyoipigia shirika la habari la AP mwaka 2006.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mkuu, malizia hadithi. Garcia aliliona bango hilo kila mahali, na hadi Januari 2009 hakujua kuwa ni picha yake! Kama mwenye mali hakuitambua mali yake, basi iliyouzwa ni kazi ya mchoraji. Isitoshe, pesa za mauzo zilirudi kuchapa mabango zaidi.

*Mleta mada:*
Kama Fairey alikuwa na haki, kwa nini alidanganya mahakamani? Alidai ametumia picha nyingine, ile ambayo Obama yuko na George Clooney, akaficha ushahidi. Mwaka 2012 alikiri kosa, akapigwa faini ya dola 25,000 na kuwekwa chini ya uangalizi miaka miwili.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Hilo ni kosa la kuidanganya mahakama. Kesi ya picha yenyewe, kati ya Fairey na AP, waliimaliza kwa makubaliano 2011, jaji hakutoa jibu.

*Mleta mada:*
Jibu limeanza kuja. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 kwa 2, ilimpa ushindi Lynn Goldsmith, aliyempiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981, dhidi ya taasisi ya Andy Warhol, msanii aliyeigeuza picha hiyo kuwa michoro ya rangi.

*Mchangiaji wa pili:*
Mie niko Nairobi. Matatu za hapa zimejaa sura za wanamuziki na wachezaji, Obama naye yumo, na sijasikia mpiga picha akidai. Tungeanza kudai, mchoraji angelala njaa. Yeye analipwa ujira wa gari moja, basi. Lakini siku atakapoichapa sura ileile kwenye karatasi nzuri, nakala 50 zenye namba, awauzie watalii kwa dola, hapo nahamia upande wa mleta mada.