Kujitoa umejitoa, haya. Lakini kuja kula BISI pembeni ya uwanja mbele yetu?

Mtoto wa Pongwe:

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nipo kwenye maegesho ya uwanja, foleni imekamata, gari haliendi mbele wala nyuma, na mikono inanitetemeka. Herufi zikikosewa mtanivumilia.

Jina simtaji. Wote mnamjua. Ni mdakaji wa timu yetu ya chuo, football ya Marekani, aliyejitoa kwenye Bowl ya leo, ile mechi ya kufungia mwaka. Yule yule ambaye tangu Septemba mnajaza jukwaa kwa video zake akidaka mipira kwa mkono mmoja. Yule yule ambaye mwanangu analala na jezi yake na haikubali ifuliwe. Sasa sikieni alichofanya usiku huu.

Bisi. Alikuwa anakula bisi.

Tuko nyuma kwa pointi nne. Zimebaki sekunde tisa. Tupo yadi ya sita, jaribio la nne, yaani hapo ni kufa au kupona. Uwanja wote umesimama. Kuna bibi pembeni yangu, nadhani alihitimu chuo hiki kabla Mlima Kilimanjaro haujaota, kashika rozari na analitaja jina la kila mtakatifu. Kotabeki anarusha, mpira unakwenda kona ya kulia, pale pale huyo bwana alipokuwa anadakia msimu mzima, na anayeruka ni dogo wa mwaka wa kwanza ambaye juzijuzi tu alikuwa anagawa chupa za maji. Mpira unamgonga vidoleni, unaanguka. Dogo anaanguka kifudifudi, analia.

Na ile skrini kubwa, inayoonekana mpaka sayari ya Mars, inamwonyesha nani? YEYE. Pembeni ya uwanja, trakisuti mpya, miwani ya jua saa nne usiku, kakumbatia ndoo ya bisi. Anatafuna. Akajiona kwenye skrini. Akatupungia. Kwa mkono wenye bisi!

Na msinianzishie somo la drafti, ile ya timu za kulipwa kuchagua vijana wa vyuo. Drafti naijua. Najua tangu Desemba 2016, Christian McCaffrey wa Stanford alipoikacha Sun Bowl na Leonard Fournette wa LSU akaikacha Citrus Bowl, mlango ulifunguka na haujafungwa tena. McCaffrey akachaguliwa namba 8, Fournette namba 4, kila kijana akaona kumbe inawezekana. Sawa. Sijamkataza mtu kulinda goti lake. Lakini huyu alisubiri sisi tukate tiketi, tulipe hoteli ambayo wiki ya Bowl chumba chenye mende kinauzwa bei ya kiwanja Kigamboni, tuendeshe usiku kucha na watoto wamelala nyuma, ndipo akapandisha ule waraka wake. Mmeusoma wote. "Kwanza namshukuru Mungu." Aya nne za kumshukuru Mungu, mama, kocha wa sekondari, kinyozi. Mstari wa mwisho ndiyo anasema hachezi.

Ni bwana harusi aliyekula michango ya watu, siku ya ndoa akaja ukumbini kama mgeni mwalikwa na kuulizia pilau liko wapi.

Ungebaki nyumbani! Ungekaa kwako na hiyo bisi yako, nani angekuona? Dogo analia chini, na wewe unatafuna!

Mzee wa Yadi Kumi:

Mkuu nilikuwa naangalia kwenye TV. Nilidhani ni mpiga picha anaonewa na kamera. Kumbe ndiye! Niliona na siagi imemtiririka kidevuni.

Mtoto wa Pongwe:

Eeh, umeona! Siagi! Alijifuta kwa taulo la timu. Taulo lenye nembo ya chuo!

Dk. Povu:

Mleta uzi punguza povu, kioo cha gari kitaziba ushindwe kuona njia.

Halafu tuongee ukweli. Januari 1, 2016, Jaylon Smith wa Notre Dame aliingia Fiesta Bowl dhidi ya Ohio State akiwa anatajwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa drafti ile. Goti likasambaratika na mshipa wa fahamu ukaumia. Akateremka mpaka namba 34 na msimu wa kwanza wote hakucheza. Jake Butt wa Michigan, mwisho wa mwaka ule ule, Orange Bowl, goti, akaokotwa raundi ya tano. Matt Corral wa Ole Miss, Januari 2022, Sugar Bowl, alisema hawezi kuwaacha wenzake, kifundo cha mguu kikaumia kipindi cha kwanza tu. Raundi ya tatu. Hao wote walifanya unachotaka wewe. Ulimpelekea yupi hata kadi ya pole?

Mtoto wa Pongwe:

Dokta, umesoma nilichoandika au umesoma kichwa cha uzi? Nimesema kujitoa sawa. Nazungumzia BISI.

Na kama tunatajiana majina, Bryce Young na Will Anderson wa Alabama, Desemba 31, 2022, mechi isiyo na ubingwa wowote, waliingia Sugar Bowl na kuichapa Kansas State 45-20. Miezi minne baadaye mmoja akachaguliwa namba 1, mwingine namba 3. Travis Hunter alicheza Alamo Bowl Desemba 2024 na Colorado yake, wakafungwa na BYU 36-14, na bado alikwenda namba 2. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeonekana na ndoo.

Binti Ngamiani:

Dada yangu pole. Ila Bryce Young na Anderson walibahatika kutoka wazima, hilo halibatilishi la Dokta. Mimi nina mdogo wangu anacheza daraja la chini huko Minnesota. Nimemwona anavyoamka asubuhi baada ya mechi, anashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Angeniambia hachezi mechi ya kufungia mwaka ningempikia biriani.

Kidume cha Mbagala:

Biriani tena? Huyu mwenzako kalizwa na bisi, wewe unaleta biriani?

Mama Wawili Columbus:

Mimi namuunga mkono mleta uzi mia kwa mia. Zamani tulikuwa tunawatetea, tunasema hawa watoto chuo kinawatumia bure, acha mtoto ajilinde. Leo? Tangu Julai 2021 wanalipwa kwa jina na sura zao. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa moja kwa moja, ukomo wa chuo kimoja mwaka wa kwanza ni dola milioni 20.5. Umelipwa, maliza kazi. Mimi nauguza wazee, nikiondoka zamu kabla ya saa yangu eti najiandaa na kazi bora zaidi, nafukuzwa kabla sijafika kwenye lifti.

Sisi Ohio State tuliyaona Desemba 2023. Marvin Harrison Jr. hakucheza Cotton Bowl, Missouri wakatubana tukatoka 14-3. Pointi tatu! Shemeji yangu alizima TV na mpaka leo hajaniambia kwa nini aliinunua.

Mnyalukolo Texas:

Nyie wote mnabweka mti usio na paka. Mbona makocha hamuwasemi? Novemba 2025 Lane Kiffin aliiacha Ole Miss ikiwa imepoteza mechi moja tu msimu mzima, inaelekea mchujo wa ubingwa, akahamia LSU. Mchujo, siyo Bowl ya kudhaminiwa na mayonezi! Brian Kelly alifanya hivyo hivyo 2021, akatoka Notre Dame kwenda LSU hiyo hiyo kabla ya Bowl. Mtu mzima mwenye mkataba wa mamilioni anaondoka mnasema "ndiyo biashara". Kijana wa miaka 21 akilinda mguu wake mnamwita msaliti.

Na Desemba 2025 Notre Dame walipokosa nafasi kwenye zile timu 12 za mchujo, si walikataa Bowl chuo kizima? Huyo wenu kajitoa peke yake, mshukuruni.

Mzee wa Yadi Kumi:

Hapo Mnyalukolo kapiga penyewe. Na chuo cha Marshall 2024 je? Wametwaa ubingwa wa kanda yao, kocha akahama, wachezaji wakaingia dirisha la uhamisho kwa makundi, Independence Bowl wakaambiwa samahani, hatuna watu. Louisiana Tech wakaitwa kuziba pengo.

Mtoto wa Pongwe:

Marshall hawakuja uwanjani kula bisi! Mbona hamnielewi? Lane Kiffin ningemwona pembeni ya uwanja wa Ole Miss na ndoo, ningemfungulia uzi wake, tena mrefu kuliko huu.

Nimesimama pale, mwanangu kaniuliza, "Mbona yeye anacheka?" Ningemjibu nini?

Kidume cha Mbagala:

Ungemwambia bisi ilikuwa tamu.

Shabiki wa Tallahassee:

Nyie mnalia kwa pointi nne? NNE? Sisi Florida State Desemba 2023 tumeshinda mechi 13 bila kupoteza, tukanyimwa nafasi ya ubingwa kwa sababu kotabeki wetu kaumia, tukatupwa Orange Bowl na Georgia. Nusu ya timu ikajitoa au ikahama. Matokeo 63-3. Hakuna Bowl iliyowahi kuwa na pengo kubwa kama lile. Nilikuwa uwanjani Miami. Kufika mapumziko watu walikuwa wanauziana tiketi za kutoka. Mkinisikia nimemfungulia mtu uzi, jueni ameninyang'anya figo.

Dk. Povu:

63-3, hahahaha. Wallahi nilikuwa nimesahau. Ahsante kwa kunifurahisha, Tallahassee.

Shabiki wa Tallahassee:

Dokta, nitakuripoti.

Kungwi Mstaafu:

Sijui chochote kuhusu huo mpira wa yai, ila hilo la bwana harusi kula michango limenitonesha kidonda. Mwaka jana nilikuwa mhazini wa kamati. Kadi za watu wawili wawili, laki na nusu kila kadi, wengine nimewafuata mpaka kazini kwao. Wiki ya harusi bwana anasema amesogeza tarehe. Mpaka leo tarehe inasogea. Juzi nimemwona kwenye picha, yupo Zanzibar, ufukweni, kanyanyua dafu juu anatusalimia.

Binti Ngamiani:

Kungwi, hiyo ni kesi ya polisi, usinyamaze. Waliochanga wanakudai wewe, hawamdai yeye!

Kungwi Mstaafu:

Ndiyo nakwambia. Simu ikiita namba ngeni sipokei.

Mama Wawili Columbus:

Sisi kamati yetu tuliandikishana mbele ya mjumbe. Mhazini asipokee senti bila stakabadhi. Njoo chemba nikutumie mfano wa ile karatasi.

Mwananchi Damu:

Mnashangaa Marekani mtu mmoja kukataa kucheza? Dabi ya Yanga na Simba ya Machi 8, 2025 mmesahau? Tiketi tumekata, basi tumekodi kutoka Morogoro, jezi tumevaa tangu alfajiri, halafu wenzetu wanatangaza hawaleti timu. Hapo hakuna goti wala drafti.

Mnyama Mkali:

Malizia hadithi, Mwananchi. Tulikwenda kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa jioni ya kuamkia mechi, kama kanuni inavyoturuhusu timu mgeni, tukazuiwa getini. Ulitaka tucheze baada ya kudhalilishwa?

Mwananchi Damu:

Kuzuiwa mazoezi ndiyo kuukimbia mchezo? Juni 25 mlipoletwa mlipata nini? Mbili bila. Kumbe mngekuja Machi yangeisha mapema.

Mnyama Mkali:

Na nyie baada ya Machi si mlitangaza hamchezi tarehe nyingine yoyote? Mbona Juni mlikuja?

Mtoto wa Pongwe:

Jamani, huu ni uzi wa football ya Marekani. Nimefika nyumbani, nimeona marudio. Wameirudia ile picha taratibu. Unaona kabisa punje moja inadondoka, anaiokota kwenye trakisuti, anaila, WAKATI DOGO BADO YUPO CHINI.

Mwananchi Damu:

Dada ngoja kwanza tumalizane na huyu. Mnyama, kanuni ipi? Weka kifungu hapa.

Mnyama Mkali:

Kifungu kipo, na wewe unakijua. Waulize mabaunsa wenu waliokaa getini walikuwa wanasoma kifungu gani.

Kidume cha Mbagala:

Mimi siku ile nilikuwa na tiketi ya mzunguko. Niambieni tu, kuna mtu humu aliyewahi kurudishiwa hela yake?

Mwananchi Damu:

Mimi nauli ya basi la Morogoro imekwenda na maji. Konda alisema yeye katuleta Mkapa, hayo mengine hayamhusu.

Kungwi Mstaafu:

Huyo konda ni wa basi gani? Maana na mimi kuna mmoja wa njia hiyo hiyo ana chenji yangu tangu Pasaka.