Mjadala: Je, shahada ya biashara na TEHAMA inamjenga mhitimu au inamwacha nusunusu?

Mtoa hoja:

Ndugu wachangiaji, wapo wanaoshikilia kwamba mwanafunzi wa shahada inayochanganya biashara na teknolojia ya habari anapoteza miaka yake, kwa kuwa akihitimu hatamfikia mhasibu kamili wala mwanasayansi kamili wa kompyuta. Mshika mawili, husema, moja humponyoka. Basi kijana achague upande mmoja. Napinga ushauri huo kwa dhati, ingawa baadhi ya vyuo vinaupa nguvu kwa namna vinavyoiendesha shahada hii.

Tuitazame kazi yenyewe. Mteja amerudisha bidhaa aliyonunua wiki iliyopita. Mwanaprogramu ambaye hakuwahi kufundishwa uhasibu ataiona njia nyepesi: aufute mstari wa mauzo yale katika jedwali la hifadhidata, na jumla itakuwa sawa. Mhasibu atashtuka, maana katika uhasibu wa maingizo mawili, yaani ule unaoandika kila muamala katika akaunti mbili, ambao mwanahisabati wa Italia Luca Pacioli aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1494, ingizo lililokwisha kuandikwa halifutwi bali husawazishwa kwa ingizo la kinyume, ili mkaguzi atakayekuja baadaye ayaone mauzo na ayaone pia marejesho. Lakini mhasibu huyo naye, kama hajui jedwali linavyojengwa, hataweza kueleza kwamba inahitajika rekodi ya marejesho yenye ufunguo, yaani namba ya utambulisho, unaoiunganisha na ankara ya awali, wala hatatambua kwamba badiliko la fedha na badiliko la idadi ya bidhaa ghalani yanapaswa kukamilika kwa pamoja au yasifanyike kabisa. Aliyesoma pande zote mbili huliona jambo hili mapema, kabla programu haijaanza kuandikwa.

Hasara ya kukosa mtu wa namna hiyo ni kubwa. Mwaka 2011 kampuni ya maduka makubwa ya Lidl ya Ujerumani ilianza mradi wa kuhamia kwenye mfumo wa SAP wa kusimamia bidhaa, na mwaka 2018 ikauacha, baada ya gharama zilizoripotiwa kufikia takribani euro milioni 500. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini bidhaa zake kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo ulitegemea bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kuacha desturi yake, na kuurekebisha mfumo kila mahali ili uifuate desturi hiyo kukazidi kuuvuruga. Tatizo hilo utaliweka katika idara gani, ya uhasibu au ya kompyuta?

Mchangiaji:

Ndugu mtoa hoja, mifano yako ni mizuri lakini umechagua ile inayokufaa. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 katika muda wa kama dakika 45, kwa sababu programu mpya haikusakinishwa kwenye seva (kompyuta zinazoendesha mfumo) moja kati ya nane, na msimbo wa zamani uliokuwa umeachwa humo ukaamka na kutuma maagizo ya hisa bila kikomo. Hapo alihitajika fundi aliyebobea, si mtu aliyeonja somo la seva kwa muhula mmoja huku akili yake ikiwa kwenye masoko na usimamizi. Kina cha maarifa hakipatikani kwa kugawanya muda.

Mtoa hoja:

Nakubali kwamba fundi aliyebobea hana mbadala, na sijasema shahada hii ichukue nafasi yake. Hata hivyo, tuusome mkasa huo hadi mwisho. Kabla soko halijafunguliwa asubuhi ile, mfumo wa kampuni ulituma kwa wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja hitilafu, na hakuna aliyezifanyia kazi. Mwaka 2013 tume inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 12, ikieleza kuwa haikuwa na vidhibiti vya kutosha vya kuzuia maagizo yenye makosa. Kuamua ni kiwango gani cha hasara kinachopaswa kuuzima mfumo, ni nani apewe mamlaka ya kuuzima, na onyo lipi limfikie nani, kunamtaka mtu anayeielewa hatari ya kibiashara na pia anayeijua seva.

Mahali unaponishika ni kwenye kugawanya muda. Shahada ambayo mwanafunzi asubuhi anasoma uhasibu kwenye kitivo kimoja na mchana hifadhidata kwenye kingine, pasipo mhadhiri hata mmoja kumwonyesha masomo hayo yanakutana wapi, kweli inamtoa nusunusu. Mwongozo wa mitaala ya mifumo ya habari wa IS2020, uliotolewa na ACM na AIS, jumuiya za kimataifa za wataalamu wa kompyuta na mifumo ya habari, umeutenga uunganishaji wa maarifa hayo kuwa eneo la umahiri linalojitegemea, pamoja na mafunzo ya vitendo. Kwa hiyo anayechagua chuo aulize mapema: je, upo mradi wa lazima wa kujenga mfumo unaofanya kazi, unaosahihishwa na mhasibu na mwanakompyuta kwa pamoja? Pasipokuwa na mradi wa aina hiyo, ushauri wa kuchagua upande mmoja nitauunga mkono hata mimi.