Naombeni ushauri: nina siku ngapi za kupinga malipo ya kadi ya mkopo hapa Marekani?

mama_wawili
Habari zenu wakuu, mimi ni msomaji wa kimya humu ila leo maji yamenifika shingoni. Nipo Marekani mwaka wa sita sasa. Stetimenti ya kadi yangu ya mkopo imekuja na deni la dola 6,412 wakati kadi hiyo mimi naijazia mafuta ya gari na nepi tu basi. Nimesikia huku serikali inamlinda mteja, kwamba malipo ambayo hukufanya wewe benki haiwezi kukudai zaidi ya dola 50. Naomba kujua nina siku ngapi za kupinga, na je wakati wanachunguza natakiwa niendelee kulipa? Kama huna jibu pita tu, siku ya tatu hii silali.

kifaru_mpole
Pole sana dada. Ni siku 60 kuanzia ile stetimenti yenye tatizo ilipotumwa, sheria yake ni ya mwaka 1974. Usiishie kupiga simu, andika barua na uitume kwenye anuani ya malalamiko ya bili, siyo ile unayolipia, ziko mbili tofauti angalia nyuma ya karatasi. Wanatakiwa wakujibu kwamba wameipokea ndani ya siku 30 na wamalize uchunguzi ndani ya mizunguko miwili ya bili, isizidi siku 90. Kile kiasi unachopinga hulazimiki kukilipa kwa muda huo ila kilichobaki unalipa kama kawaida.
Ila hayo yote ni kama kweli hukufanya wewe. Nani kafanya?

ustadh_mdogo
Riba haramu, tulisema humu tukaitwa washamba. Endeleeni.

babu_kikokotoo
Mimi niwape yangu maana inauma mpaka leo. Nilikuwa na deni la 4,000 riba asilimia 24, kila mwezi natupia 100 najiona mwanaume kabisa. Sasa piga hesabu, asilimia 24 kwa mwaka ni 2 kwa mwezi, yaani 80 inaliwa na riba, deni linapungua 20. Ishirini! Na kila mwezi kwenye stetimenti kulikuwa na kisanduku kinasema ukilipa kima cha chini tu utamaliza baada ya miaka kadhaa, na ukitaka umalize kwa miaka mitatu lipa kiasi hiki. Hicho kisanduku ni sheria, Obama aliisaini 2009. Serikali iliniandikia kabisa kwenye karatasi yangu, mimi naikunja naiweka juu ya friji. Miezi 14 mzima.
Sikumbuki nilitaka kusema nini. Dada, kadi imeibiwa?

mama_wawili
Haijaibiwa, ninayo hapa. Kuna mtu alikuwa na namba zake.

nyoka_wa_shaba
"Kuna mtu alikuwa na namba" kama vile zilipeperushwa na upepo. Mtu gani na alizipataje?

mama_wawili
Mbona mnaniuliza kama polisi, mimi nimeuliza siku tu.

kifaru_mpole
Dada siku nimeshakupa. Jibu linategemea huyo mtu, ndo maana tunauliza.

mama_wawili
Haya. Ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Aliniomba nimlipie tiketi ya ndege, mimi niko zamu ya usiku simu napokelea stoo, nikaipiga picha kadi mbele na nyuma nikamtumia WhatsApp nikamwambia kwa maandishi kabisa tiketi tu basi. Tiketi akakata kweli, 890. Halafu akanunua simu, laptopu, viatu jozi tatu, magemu, na kuna keshi ya ATM 600. Nikimpigia hapokei, mume wangu hajui lolote na sitaki ajue maana hao wawili wameanza kusalimiana mwaka huu tu.
Na kabla hamjanirukia, juzi nimeshapiga benki nikasema namba zimeibiwa na sijui ni nani. Wameifunga kadi na wamenitumia fomu nisaini. Mimi naona ni sawa tu maana nilichoruhusu ni tiketi, hivyo vingine ni wizi. Na benki zina bima ya hayo mambo, dola elfu sita kwao ni nini?

kifaru_mpole
Sasa hapo umebadilisha swali lote. Ile kinga ya dola 50 ni kwa mtu aliyetumia kadi bila ruhusa yako. Ukimpa ndugu kadi au namba kwa hiari yako akapitiliza ulichomwambia, hilo deni ni lako, mpaka siku utakapoiambia benki kwamba huyu mtu nimemkataza. Imo kabisa kwenye maelezo ya kanuni za serikali, wametaja mpaka mfano wa mtu wa familia. Kwa hiyo simu ya juzi ilitakiwa iseme hivyo, wewe ukasema humjui.
Hiyo fomu USISAINI. Kuidanganya benki kwa maandishi ni kosa la shirikisho.

kijana_wa_bodaboda
Miaka 30 hiyo, nimewahi kusoma mahali. Watoto wataolewa ukiwa ndani.

kifaru_mpole
30 ni kiwango cha juu kabisa usimtishe, kwa mtu kama yeye haifiki huko. Ila kosa ni kosa.

dada_wa_mjini
Mimi shemeji yangu aliwahi kuniomba laini ya simu tu, laini, nikajikuta nadaiwa simu ambayo hata rangi yake siijui. Mashemeji ni watu wa kusalimia kwa mbali.

msomi_wa_jioni
Mnamkandamiza huyu dada tu na mnawaacha wenye mchezo. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema benki iliyoko jimbo la Nebraska inaweza kumtoza mteja wa jimbo la Minnesota riba ya Nebraska. Baada ya hapo Citibank ikahamishia biashara ya kadi Sioux Falls, jimbo la Dakota Kusini, kwa sababu kule walishafuta ukomo wa riba. Mpaka leo kwa kadi ya benki ya kawaida hakuna ukomo wa riba wa nchi nzima. 2024 serikali ikataka faini ya kuchelewa kulipa ishuke hadi dola 8, benki zikakimbilia mahakamani, 2025 ikafutwa. Sasa mtu wa zamu ya usiku anaambiwa awajibike, na hao je?

babu_kikokotoo
Msomi una hoja ila riba ya Dakota haikumtuma apige picha kadi mbele na NYUMA. Zile namba tatu za nyuma ndo kufuli lenyewe.

msomi_wa_jioni
Na wewe kisanduku hukukisoma miezi 14 kwa hiyo tuheshimiane.

nyoka_wa_shaba
Ngojeni kwanza, mimi nimerudi kusoma juu. Dada umesema ulimtumia picha ya kadi, na kadi yenyewe unayo mkononi. Sasa hiyo keshi 600 ya ATM shemeji alitoaje, aliionyesha mashine WhatsApp?
Hii ni chai wakuu. Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

kijana_wa_bodaboda
😂😂😂 ATM imesema "picha haionekani vizuri piga tena"

dada_wa_mjini
Na mimi nilijiuliza, 6,412 kwa viatu na magemu? Tena mwaka jana kulikuwa na uzi kama huu huu ila alikuwa binamu. Watu wanakusanya stori humu wakatengenezee video. Modi funga uzi.

ustadh_mdogo
Nilijua tangu mwanzo.

babu_kikokotoo
Ulijua nini wewe, ulisema riba tu ukaondoka.

kifaru_mpole
Hata kama ni chai kuna mtu mwingine ataisoma yamemkuta kweli. Ila mama_wawili jibu hilo la ATM.

nyoka_wa_shaba
Saa mbili kimya. Anaenda kutunga sura ya pili.

mama_wawili
Nilikuwa nalaza watoto.
Sio chai. Hiyo 600 nilitoa mimi. Mama alikuwa anaumwa na kwenye akaunti yetu ya pamoja mume wangu anaona kila kitu, na mwezi huo nilikuwa nimeshatuma. Nikatoa kwenye kadi nikijua nitairudisha polepole. Shemeji alipofanya yake nikaona ikikaa katikati ya zile zingine haitaonekana. Benki waliponisomea orodha kwenye simu wakauliza na hii, nikasema na hiyo.
Haya tukaneni.

dada_wa_mjini
Mh. Pole mwaya, mama anaendeleaje?

kifaru_mpole
Hakuna anayekutukana. Sikiliza, bado hujasaini, hiyo ni nafuu kubwa. Kesho piga uwaambie unaondoa malalamiko, aliyetumia unamjua, ulimpa namba mwenyewe na kuanzia leo umemkataza. Hiyo 600 waambie ni yako, na ujue keshi ya kwenye kadi kwa kawaida haina siku za kusamehewa, riba inaanza siku ile ile uliyotoa. Halafu waulize kama wana mpango wa nafuu kwa mteja aliyekwama, wengi wanao ila hawautangazi. Wakikukatalia jaribu kuhamishia deni kwenye chama cha akiba na mikopo chenye leseni ya shirikisho, kule riba imewekewa ukomo wa asilimia 18. Za shemeji utamdai shemeji, meseji ya "tiketi tu" unayo, usiifute.
Mumeo siwezi kukusaidia.

mama_wawili
Yaani nilipe viatu vyake.

kifaru_mpole
Kwa benki, ndiyo.

mama_wawili
Asubuhi njema. Nimepiga, nimewekewa muziki dakika ya 14 sasa hivi. Wakiniuliza kwa nini juzi nilisema zimeibiwa nasemaje?

nyoka_wa_shaba
Sema ulivyotuambia sisi, ila usitumie saa mbili.

mzigo_mzito
Ndo naingia sahizi wakuu, kwani shemeji tiketi yenyewe alikuwa anaenda wapi?