DSpace 7 kwenye Ubuntu: /server inafunguka, lakini kuingia na kupakia faili kunagoma

mkutubi_k

Wakuu, salaam. Nasimika DSpace 7.6 (programu ya hazina ya kidijitali) kwa ajili ya tasnifu na ripoti. Seva ni moja: Ubuntu 22.04, RAM GB 8, Java 17, PostgreSQL 14, Solr 8.11 (injini ya utafutaji), Tomcat 9 ya apt, Node 18 na PM2 (inayoiendesha Node). `mvn package` na `ant fresh_install` zimepita bila kosa, na `/server` kwenye porti 8080 inafunguka. Kinachogoma ni hiki:

1. Nikifungua porti 4000 kutoka kompyuta nyingine, ukurasa wa mwanzo unajitokeza kidogo halafu unageuka kosa la 500. Nikiweka IP ya seva mahali pa localhost ukurasa unatulia, ila kuingia hakukubali hata nenosiri likiwa sahihi.
2. Nikiwa kwenye seva yenyewe naingia vizuri, lakini PDF haipandi. Logi inasema `Read-only file system`, ilhali `/dspace` yote ni mali ya mtumiaji tomcat.
3. Utafutaji unapata vichwa vya tasnifu lakini haupati maneno ya ndani kwa zile zilizoskaniwa.

Na kabla sijafungulia watu: kwenye nakala rudufu nihifadhi nini hasa? Folda ya assetstore (zinakokaa faili zilizopakiwa) inatosha?

---

fundi_seva

Mkuu, la kwanza lina sababu mbili tofauti, usizichanganye.

Ukurasa wa kwanza wa DSpace 7 huandaliwa na Node palepale kwenye seva, na huko "localhost" ni anwani sahihi. Ndiyo maana unajitokeza. Baada ya hapo kivinjari cha msomaji kinachukua kazi na kuanza kuita REST (ile `/server` inayotoa data) chenyewe, na kwake "localhost" ni kompyuta yake mwenyewe, isiyo na DSpace. Hapo ndipo 500 inapotokea.

Kuingia ni jambo jingine. DSpace 7 hutoa kuki ya usalama yenye alama ya Secure. Kivinjari huitupa ikija kwa http tupu, isipokuwa kwa localhost. Kuki ikitupwa, tokeni ya CSRF (ya kuzuia maombi ya kughushi) hailingani na seva inajibu 403. Bonyeza F12, fungua kichupo cha Network, jaribu kuingia, utaiona kwenye ombi la `authn/login`. Kwa hiyo nje ya majaribio ya localhost, HTTPS ni lazima.

Tumia jina moja la kikoa na Nginx mbele ya vyote viwili. Kwenye `/dspace/config/local.cfg`:

```
dspace.server.url = https://maktaba.example.org/server
dspace.ui.url = https://maktaba.example.org
```

Usiweke mkwaju mwishoni. Kwenye `config/config.prod.yml` ya upande wa Angular (kiolesura anachokiona msomaji):

```
ui:
  ssl: false
  host: localhost
  port: 4000
  nameSpace: /
rest:
  ssl: true
  host: maktaba.example.org
  port: 443
  nameSpace: /server
```

Nafasi za YAML ziwe za spesi, si tabo. Sehemu ya `ui` inabaki bila SSL kwa sababu Nginx ndiye anayebeba cheti. Kwenye Nginx:

```
client_max_body_size 512M;

location /server {
  proxy_set_header X-Forwarded-Proto https;
  proxy_set_header X-Forwarded-Host $host;
  proxy_pass http://localhost:8080/server;
}
location / {
  proxy_set_header X-Forwarded-Proto https;
  proxy_set_header X-Forwarded-Host $host;
  proxy_pass http://localhost:4000/;
}
```

Ukiisahau ile `X-Forwarded-Proto`, Tomcat inadhani iko kwenye http na viungo vyote vya REST vinatoka na http. Kivinjari kinavizuia na unarudi kwenye 500 ileile. Na `client_max_body_size` ukiiacha, Nginx hukataa kitu chochote kinachozidi MB 1 kwa kosa la 413. Nimeweka 512M ili ilingane na kikomo cha DSpace yenyewe.

Anzisha upya Tomcat na PM2, kisha ukiwa ndani ya seva:

`curl https://maktaba.example.org/server/api`

Soma `dspaceUI` na `dspaceServer` kwenye jibu. Lazima ziwe herufi kwa herufi sawa na anwani ambayo watu wataiandika. Kuwepo na kutokuwepo kwa "www" ni tofauti kamili, kwa sababu CORS (kanuni ya tovuti zipi ziruhusiwe kuita REST) kwa kawaida huamini `dspace.ui.url` peke yake. Curl ikilalamikia cheti, Node nayo itakikataa. Tumia cheti cha Let's Encrypt. Kama seva ni ya mtandao wa ndani na mna mamlaka yenu ya vyeti, mwelekeze Node kwa kigezo cha `NODE_EXTRA_CA_CERTS`.

Porti 4000, 8080 na 8983 zifunge kwenye ngome ya moto. Hasa ile ya Solr, maana kwa kawaida haina nenosiri na yeyote anayeifikia anaweza kufuta faharasa yako.

---

bi_chelezo

La pili: chown haitasaidia hata ukiirudia, kwa sababu kizuizi si ruhusa za faili. Tomcat 9 ya apt huendeshwa na systemd ikiwa imefungiwa, haiandiki popote pasipotajwa. Fanya:

`sudo systemctl edit tomcat9`

Andika:

```
[Service]
ReadWritePaths=/dspace
```

Hifadhi, kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl restart tomcat9`. Ujumbe ukibadilika kuwa `Permission denied`, hapo sasa ni suala la umiliki. Mara nyingi huletwa na kuendesha amri za DSpace kama root: logi na faili mpya zinakuwa za root, Tomcat inashindwa kuzigusa. Zoea `sudo -u tomcat /dspace/bin/dspace ...` kwa kila kitu, hata kwenye cron.

La nne, lile la nakala rudufu, ndilo linalonigusa zaidi, na jibu ni hapana, assetstore haitoshi. Ndani yake faili hazina majina uliyozipa. Zinaitwa kwa namba ndefu na kutawanywa kwenye folda za ngazi tatu. Kinachojua kwamba namba fulani ni tasnifu ya fulani ni PostgreSQL. Ukipoteza hifadhidata unabaki na rundo la faili zisizo na majina wala viendelezi. Hifadhi vitu vinne:

- hifadhidata, kwa `pg_dump`
- folda ya assetstore
- `local.cfg`, `config.prod.yml` na chochote ulichobadilisha kwenye `/dspace/config`
- takwimu za usomaji, kwa `dspace solr-export-statistics`

Hicho cha mwisho watu wengi hukiruka wakidhani Solr yote inajengwa upya. Faharasa za `search` na `oai` zinajengwa upya kutoka kwenye hifadhidata, kweli. `statistics` haijengwi. Idadi ya kupakuliwa kwa kila tasnifu iko humo tu, na ikipotea hairudi.

Mpangilio nao una maana: toa `pg_dump` kwanza, assetstore ifuate. Mtu akipakia faili katikati, utakuwa na faili moja ya ziada isiyotajwa popote, haina madhara. Ukianza na assetstore, utapata rekodi inayoelekeza kwenye faili ambalo halimo. Na `dspace cleanup` isiende saa hiyohiyo, kwani hiyo ndiyo inayofuta kabisa faili zilizowekewa alama ya kufutwa.

Kabla ya kufungulia watu, jaribu kurejesha kwenye mashine nyingine: tengeneza hifadhidata yenye kiendelezi cha `pgcrypto`, rudisha dump, nakili assetstore, kisha `dspace database migrate`, `dspace index-discovery -b` na `dspace oai import -c`.

---

skani_safi

Naongezea la tatu. `dspace filter-media` hutoa maandishi yaliyomo kwenye PDF, haisomi picha. Skani ni picha. OCR (kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi) ifanyike kabla ya kupakia:

`ocrmypdf -l swa+eng --deskew --skip-text ingizo.pdf tokeo.pdf`

Tesseract ina data ya Kiswahili, pakiti ni `tesseract-ocr-swa`. Skani ya dpi 300 inatosha kwa maandishi ya kawaida. `--skip-text` huacha kurasa ambazo tayari zina maandishi, ingawa PDF iliyofanyiwa OCR mbovu zamani itaihitaji `--redo-ocr` badala yake, na hapo ondoa `--deskew` kwa sababu haziendi pamoja.

Kwa zilizomo tayari, badilisha faili kisha endesha `filter-media -f -i` ikifuatiwa na handle ya kipengele hicho. Angalia pia `textextractor.max-chars`. Chaguo-msingi ni herufi 100000, kwa hiyo sura za mwisho za tasnifu ndefu hazitafutiki mpaka uiongeze.

---

mkutubi_k

Nashukuru sana wakuu. Kuingia na kupakia vimekubali. Moja zaidi: viungo vyote vina `123456789`. Nibadilishe?

---

fundi_seva

Hiyo ni namba ya mfano ya Handle (mfumo wa viungo vya kudumu). Kama mtasajili kiambishi chenu, fanyeni sasa kabla watu hawajaanza kunukuu viungo. Weka `handle.prefix` kwenye `local.cfg`, endesha `dspace update-handle-prefix 123456789` ikifuatiwa na namba mpya, kisha `index-discovery -b`. Seva ya Handle inahitaji porti 2641 na 8000 zifunguliwe kwa nje. Msiposajili, viungo vitaendelea kufanya kazi kupitia kikoa chenu, mradi kikoa chenyewe msikibadilishe.

Na kwa RAM ya GB 8, usijenge Angular humo wakati Tomcat na Solr zinakimbia. `yarn build:prod` hula kumbukumbu nyingi na huweza kuuawa na kernel katikati bila maelezo ya maana. Jenga kwenye kompyuta nyingine ukiwa na `NODE_OPTIONS=--max_old_space_size=4096`, kisha hamishia `dist` peke yake kwenye seva.