Tupeane uzoefu: kilomita za mwisho za safari ndefu ya baiskeli na marafiki

Mleta mada: Ndugu zangu, picha moja ya zamani imenikumbusha jambo ambalo kila aliyewahi kusafiri mbali kwa baiskeli na wenzake atalitambua: mwisho unapokaribia ndipo kundi linapovunjika. Safari nzima mlikuwa mkingojeana kila kilele cha mlima, lakini kibao kikishaonyesha kwamba mnakokwenda si mbali tena, kuna atakayekazana peke yake, kuna atakayenuna, na kuna ambaye moyoni hataki safari iishe. Kwenu hali huwaje?

Gurudumu: Naunga mkono hoja. Sisi tulifika mahali tukawa tunajibizana kwa kutikisa vichwa tu.

Spoku: Sisi tulishikwa na upepo wa mbisho alasiri ya mwisho. Tulimtanguliza mwenzetu aliyechoka zaidi ili yeye ndiye apange mwendo na asiachwe.

Mpanda Milima: Hapo mlimtesa bure, ndugu Spoku. Anayetangulia ndiye anayepasua upepo, na anayemfuata kwa karibu hutumia nguvu pungufu sana. Mchovu huwekwa wa pili, na wa mbele ageuke kumtazama kila mara.

Spoku: Nimeona watu wakiachwa na kiongozi aliyeapa kwamba anatazama nyuma. Siwezi kukubali.

Pedali: Naomba nieleze kwa kirefu, kwa kuwa tukio hili bado linanitia hofu. Jua lilikuwa kali, na tulikuwa tumebakiza mteremko mmoja na uwanda mfupi. Rafiki yetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akinywa maji matupu chupa baada ya chupa bila kula chochote kwa kuogopa kutuchelewesha, alianza kuyumba. Nilisogea ubavuni kwake nikaona vidole vimevimba hata pete imezama katika nyama, wala mkono haukuwa tena kwenye breki. Nilipomwita kwa jina aliniuliza mimi ni nani. Tulimshika, mmoja kiti na mwingine bega, tukamsimamisha kabla ya kona. Akatapika, kisha akalala majanini. Baadhi yetu walitaka anyweshwe maji zaidi, lakini mmoja alikataa katakata. Hospitalini tulielezwa kwamba maji yaliyozidi yalikuwa yameshusha kiwango cha chumvi katika damu yake, na kwamba hali hiyo huweza kuuvimbisha ubongo.

Gurudumu: Mungu mkubwa! Alipona?

Pedali: Alipona kabisa, nasi tulimalizia safari baadaye, sote pamoja.

Mpanda Milima: Basi mtu anywe anapoona kiu, na ale kidogo kidogo, chenye chumvi, hata akiona amekaribia kufika.

Spoku: Mimi nasema msimame mle, maana wa kula huku anaendesha ni wachache.

Raba: Hata mabingwa hupatwa mwishoni. Mwaka 1989 Laurent Fignon aliianza siku ya mwisho ya Tour de France, mbio za baiskeli za siku nyingi huko Ufaransa, akiongoza kwa sekunde 50, huku akiteswa na kidonda cha kukalia kiti. Mpinzani wake Greg LeMond alimshinda katika mbio nzima kwa sekunde 8. Mwenye kidonda aseme mapema.

Mleta mada: Ahsanteni. Ila wale walikuwa wakishindana, ndugu Raba. Sisi anayetangulia kufika huwa amefika wapi, ikiwa wenzake bado wako barabarani?

Spoku: Hapo tumeelewana.